Mashimo Yasiyokutana

Nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni, kopo la maziwa mkononi, nilipokiona kitanda. Kilikuwa nje ya karakana, kando ya barabara, kimepangwa pamoja na makochi ya kuuza, kimepakwa vanishi nyekundu inayong'aa kama jeneza la tajiri. Nilikitambua kwa mbali, vile unavyomtambua mzazi wako kwa mgongo katikati ya soko. Nikasimama palepale. Bodaboda mmoja akanipigia honi, akanizunguka, akanitukana kwa Kiganda. Sikusogea.

Ndani ya kopo mlikuwa na vigingi kumi na sita na viwili vya akiba. Baba yangu alivichonga kwa mkono wake, kimoja kimoja, ili vije vifunge kitanda hicho cha mjukuu wake. Ndiyo siku niliyokuwa navipeleka. Na kitanda kilikuwa kimeshafungwa. Kwa misumari.

Baba mdogo akatoka ndani anajipangusa mikono kwenye suruali. Si ndugu wa damu wa baba. Ni fundi mwenzake, waligawana karakana moja chini ya kilima cha Makindye miaka yote niliyokua, na mimi nimemwita baba mdogo tangu sijui kufunga kamba za viatu. Alikuwa anatabasamu.

"Umeona?" akasema. "Nimekumalizia. Sasa hutanisumbua tena kila Alhamisi."

Nikamuuliza mashimo ya vigingi yako wapi. Akanionyesha kwa kidole: kwenye kila mguu wa kitanda, pale shimo lilipokuwa, kulikuwa na kiraka cha vumbi la mbao na gundi, na pembeni yake kichwa cha msumari.

"Mashimo ya mzee hayakukutana," akasema. "Hata moja. Upande huu shimo liko hapa, upande ule liko pale. Tukasema maskini, mwisho ule macho yalikuwa yamekwisha. Tukaziba."

Mafundi wake wawili waliokuwa wanapiga msasa wakatikisa vichwa, kwa huruma kabisa. Mmoja akasema pole. Hiyo pole ndiyo iliyonikata. Nilikuwa nimevumilia mwaka na zaidi. Nilivumilia njoo Alhamisi, njoo mvua ikikatika, njoo tukimaliza makochi ya harusi. Kuhurumiwa eti kwa sababu baba yangu alikuwa kipofu, hilo sikuwa na mahali pa kuliweka.

"Wewe," nikamwambia. Sijawahi kumwita hivyo maishani mwangu. "Wewe umefanya kazi na baba yangu miaka yote hiyo, na hukuwahi kuchungulia shimo lake hata siku moja."

Mimi nilianza kuyachungulia nikiwa na miaka saba.

Tulitoka Butembo, kule Kongo, nikiwa bado wa kubebwa. Mama alikwisha kufa huko, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuniachia, na nikitoka shule nakwenda karakana. Nilikaa juu ya maranda, yale maganda membamba ya mbao yanayotoka kwenye randa, nikafanya hesabu za darasa la pili huku yananichoma mapajani. Nilijua kuzitofautisha mbao kwa pua kabla sijajua kuzitaja. Mvule unanuka kama pilipili iliyokaa juani. Mkangazi unanuka utamu. Libuyu la Kongo linanuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni.

Baba alikuwa fundi wa mtindo wa zamani. Kiti chake hakina msumari. Alichonga ulimi kwenye mwisho wa ubao mmoja, akachimba tundu kwenye ubao wa pili, ulimi ukaingia kwenye tundu kama mkono kwenye mfuko wa koti. Halafu alitoboa shimo kutoka ubavuni, likapita kwenye tundu na kwenye ulimi, ndipo akapigilia kigingi. Sasa sikiliza, maana kila kitu kiko hapa. Shimo la ulimi halitobolewi sawasawa na shimo la tundu. Linasogezwa kidogo kuelekea shingo ya ulimi, pale unapoanzia, unene wa ukucha tu. Kigingi kikipigwa kinalazimika kujipinda, na kikijipinda kinauvuta ulimi ndani, kinaubana, hautoki tena. Gundi huzeeka. Msumari hula kutu. Kigingi kilichopinda kinaendelea kuvuta mpaka mti wenyewe uoze.

Kazi yangu ilikuwa kukagua. Akishaingiza ulimi kwa majaribio, kabla ya kigingi, aliniita: "Mama, lete jicho lako." Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nilisimama juu ya kibao, nikafumba jicho moja, nikachungulia shimoni kuelekea kwenye mwanga. Nikiona duara zima, nasema kimeharibika. Nikiona duara limebanwa pande mbili, jembamba, kama jicho la mtu anayesinzia, nasema kimelala vizuri. Siku niliyomwambia kimeharibika, na kweli kilikuwa kimeharibika, hakubisha. Alikitoa, akakata ulimi mwingine asubuhi nzima. Mteja alikuwa anangoja pale pale anaangalia saa. Baba akamwambia fundi mkuu amekataa, nami nimesimama na sare yangu ya shule na makamasi.

Baba mdogo alikuwa upande wa pili wa karakana hiyo hiyo. Yeye alitengeneza makochi: fremu ya mbao laini, misumari, sponji, kitambaa juu. Hakuna anayechungulia chini ya kitambaa. Simlaumu kwa makochi, watu wanakaa. Ila alizoea kumcheka baba, na baba alizoea kuchekwa. Akisikia nyundo ya mbao inagonga polepole alikuwa anasema, "Huyo anaomba rozari." Baba anajibu bila kugeuka, "Nakuombea wewe."

Nikikumbuka nyundo hiyo natamani kulia. Siku hizi karakana yote ni mashine. Mashine inalia kwa sauti moja, hainipi hata picha ya mtu.

Jumapili tulikwenda misa Lubaga. Baba alikuwa anasali mkono mmoja. Mkono wa pili uko chini ya benchi, anapapasa viungo. Akikutana na kiungo kizuri ananigusa na kiwiko. "Hapa kuna mtu alifanya kazi," ananong'ona, wakati wa injili. Mimi najifanya simjui.

Mkono huo alifundishwa na bruda mmoja mzee Mbelgiji, kwenye misheni, kule kwetu, baba akiwa kijana. Bruda huyo alikuwa na ugonjwa mmoja: mwaloni. Mti wa kwao. Ukimpa mvule anasema mzuri, lakini si mwaloni. Ukimpa mkangazi, mzuri, lakini si mwaloni. Alizeeka akiwa mbali nao, akafa akiwa mbali nao, na akamwachia baba hamu ya mti ambao baba hakuwahi kuuona. Fikiria kurithi kitu kama hicho. Mtu mwingine anarithi shamba.

Alikuja kuuona hapa Kampala, nikiwa kidato cha pili. Familia moja ya wageni kule Bugolobi ilikuwa inahama, na kabati lao la zamani lilikuwa limeliwa na mchwa mgongoni. Wakamwita baba aseme kama linatengenezeka. Nilikwenda naye, ilikuwa likizo. Akafungua mlango wa kabati. Akapiga magoti kwenye sakafu ya watu, akaweka pua kwenye ubao, kama unavyonusa kichwa cha mtoto. Mwenye nyumba akaniangalia, mimi nikaangalia dirisha. Baba akauliza kwa Kiingereza chake cha kuokota kama ni mti ule. Mama wa nyumba akasema ndiyo, ni wa babu yake.

Kabati halikuwa la kupona. Milango ilikuwa mizima. Wakampa mlango mmoja, bure, kwa sababu ya yale magoti nadhani. Tulirudi nao kwenye bodaboda, baba kati ya dereva na mlango, mimi nyuma nimeushika kwa mikono miwili, na njia nzima alikuwa ananiuliza, "Upo? Haujaguswa na kitu?" Hakuwa ananiuliza mimi nipo.

Ubao huo aliulaza juu ya boriti za karakana miaka tisa. Kila mvua za kwanza zikianza aliushusha, akaugeuza ubavu, akaurudisha. Watu walitaka kuununua, akasema una mwenyewe. Nilidhani mwenyewe ni yeye. Siku nilipomwambia nina mimba, aliweka randa chini. Alikwenda akauleta chini, akaulaza kwenye meza ya kazi, akaupima kwa kiganja. Ndipo nilipojua ulikuwa unamngoja nani.

Kitanda alikichora kwa mkaa ukutani. Miguu na mbavu, zile mbao za pembeni, za mvule, ubao wa kichwani wa mwaloni. Alikuwa tayari ana kikohozi. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kifuani miaka mingi, anafanya kazi nusu saa anakaa saa nzima. Nilimwambia aache. Akaniambia nimshikie ubao.

Alikuwa na masharti mawili, na nayaandika hapa kwa sababu ndiyo yaliyovunjwa. La kwanza: kitanda cha mtoto hakiunganishwi kabla mtoto hajaja, na kikiunganishwa lazima awepo. "Kikisimama kitupu kinazoea utupu," alisema. Vipande vyote vikatwe, vitobolewe, vijaribiwe, halafu vilazwe vikisubiri. La pili: vigingi havikai karakana. Vinakaa nyumbani kwangu, juu ya sigiri, jiko langu la mkaa, kwenye moshi na joto. Kigingi lazima kiwe kikavu kuliko mguu kinamoingia. Kikifika ndani kinakunywa unyevu wa mguu, kinavimba, kinajifunga chenyewe. Kwa hiyo kila alipomaliza viwili vitatu alinipa, nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mtoto akija, alisema, utaleta kopo, na kigingi cha kwanza utapiga wewe.

Kipande cha mwisho nilichokichungulia kilikuwa ubavu wa chini. Mimi na tumbo la miezi saba, siwezi hata kuinama vizuri. Nikaona jicho linalosinzia. Nikasema kimelala. Akasema, "Basi." Wiki iliyofuata tulimzika.

Msibani baba mdogo alisimama mbele ya watu akasema kitanda cha mjukuu ni juu yake, marehemu alale salama. Watu wakaitika. Mimi pia niliitika. Nilimwamini, na hiyo ndiyo inayonikera hata leo, kwamba niliitika kwa sauti.

Mtoto alizaliwa. Analala nami kwenye godoro chini. Akaota meno, bado chini. Akaanza kusimama kwa kushika ndoo, bado chini. Baba yake ni askari, yuko kazini kaskazini, anapiga simu Jumapili na kuniambia nunua kitanda chochote, mtoto hajui mbao. Mimi nilikuwa natikisa kopo mtoto akilia, na mlio huo wa vigingi ulikuwa unamnyamazisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nalifungua na kuweka pua. Vilinuka moshi na mvule. Kwa sekunde moja hivi, kabla moshi haujashinda, vilinuka shati la baba.

Sasa turudi kando ya barabara.

Nilipomwita "wewe", wote waliokuwa karibu waligeuka. Mama wa chapati ng'ambo ya barabara akapunguza moto ili asikie. Baba mdogo akaacha kutabasamu. Nikafungua kopo nikamwonyesha.

"Vigingi gani?" akasema.

Hakuwa anaigiza. Alikuwa amesahau kabisa. Alikuwepo baba alipokuwa ananipa, alikuwepo msibani, na vilikuwa vimemtoka kichwani kama bei ya mwaka juzi. Nikamweleza mashimo kwa nini hayakutani. Nilijaribu kueleza taratibu, naapa. Akanisikiliza mkono kiunoni.

"Binti yangu, wewe ulisoma sekondari au ulisoma useremala?" akasema. "Kitanda kimesimama. Mtoto analala kwenye kitanda au analala kwenye shimo?"

Mafundi wakacheka. Nikapita, nikakizunguka kitanda, nikafika upande wa kichwani. Vanishi nyekundu ilikuwa imefunika kila kitu, huwezi kujua mwaloni uko wapi na mvule uko wapi. Halafu nikaona misumari minne kwenye ubao wa kichwani. Kuuzunguka kila mmoja kulikuwa na doa jeusi, na kutoka kwenye doa mchirizi mweusi ulioteremka na nyuzi za mti, chini ya vanishi, kama wino uliomwagika kwenye daftari.

Baba alikuwa ameniambia hilo. Bruda alimwambia yeye. Chuma hakigusi mwaloni. Mti huo una ukali wake ndani, ukikutana na chuma na unyevu kidogo unageuka mweusi, na weusi huo unatembea. Miti yetu mingi inastahimili, ndiyo maana fundi wa hapa hana sababu ya kujua. Huyu hakujua. Ningemsamehe kutojua. Nilimuuliza kwa nini alipiga misumari pale, wakati ubao ule umechomekwa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya mti na hauhitaji kushikwa na kitu. Akasema ulikuwa unachezacheza, mzee aliukata mdogo. Hakuukata mdogo. Aliuachia nafasi uvimbe mvua ikinyesha na usinyae jua likiwaka. Kwa miaka tisa aliugeuza ili aujue unavyopumua.

"Toa misumari," nikasema.

"Sitoi. Nikitoa nitapasua."

"Toa."

"Hivyo vijiti vyako," akasema, "kavitie kwenye sigiri uchemshe chai. Asante ni bure, lakini hata hiyo umenikosesha."

Hapo nilipiga kelele. Sitaandika nilichosema, mwanangu atakuja kusoma. Mtoto akaanza kulia mgongoni, nami naendelea, mpaka katibu wa kamati akatoka kwenye kibanda chake. Eneo lile la karakana lina kamati yake, mafundi wenyewe waliichagua, na shughuli zake zote ni kwa Kiswahili kwa sababu mbao zinatoka Kongo, mafundi wanatoka kila mahali, na wateja wengi ni wa kambi ya jeshi ya jirani. Katibu ni mwanajeshi mstaafu, mtu wa kaskazini, mrefu, anatembea kama bado anakaguliwa.

"Mama," akasema, "hapa kamati haisikilizagi makelele. Kamati inasomaga. Peleka mtoto nyumbani, andika, leta."

Nikaandika siku hiyo hiyo mchana, mtoto amelala kwenye godoro. Kurasa tatu. Nilimwita baba mdogo mwizi, mnafiki, na mnyama fulani ambaye yeye mwenyewe anamfuga. Kesho yake katibu akavaa miwani, akasoma yote kwa kidole, akatoa kalamu.

"Mwizi," akasema. "Ameiba nini? Kitanda iko. Futa." Akafuta. "Mnafiki, hiyo ni ya kanisa. Futa." Kwenye mnyama akakohoa. Akanirudishia. "Hasira ni yako, mama, kaa nayo, itakusaidia. Lakini hapa unaniambia mambo mawili tu: kitu gani kilifanyika, na wewe unataka nini. Hiyo ya pili hukuandika mahali popote."

Nikasema nimeandika. Nikatafuta kwenye kurasa zote tatu. Sikuwa nimeandika.

Nilirudi nyumbani, nikakaa na karatasi safi, na hilo swali likanishinda. Unataka nini. Nilijua jibu mara moja na halikuwa la kuandikia kamati. Nilitaka kuitwa nilete jicho langu. Nilitaka kusimama juu ya kile kibao, maranda yananichoma miguuni, na mtu nyuma yangu anasubiri neno langu kana kwamba ni neno la serikali. Kamati haina hicho cha kutoa. Nililia kidogo. Mtoto aliamka akaja kwa kutambaa, akachukua kopo, akalitikisa.

Baada ya hapo nikafikiri kama mtu anayepima. Baba hawezi kurudishwa. Misumari inaweza kutolewa. Gundi ile nyeupe inaachia kwa maji ya moto na siki. Viraka vinachimbika. Na chini ya vile viraka mashimo yapo bado, mahali pale pale baba alipoyaweka, na hakuna aliyeweza kuyasogeza. Doa jeusi kwenye mwaloni halitatoka lote. Basi, litabaki, mwanangu ataliona na nitamwambia lilikotoka.

Nikaandika mara ya pili. Katibu alisoma hakufuta hata neno, akapiga mhuri, akaweka kwenye faili. Nakala yangu ni hii.

*

KWA KAMATI YA MAFUNDI WA KARAKANA, MAKINDYE

KUHUSU: KITANDA CHA MTOTO KILICHOACHWA NA MAREHEMU BABA YANGU

Mimi ni binti wa marehemu fundi aliyefanya kazi kwenye karakana hii mpaka alipofariki. Namlalamikia fundi aliyekuwa mshirika wake.

Marehemu aliacha kitanda cha mtoto kikiwa vipande, vimekamilika, havijaunganishwa. Aliagiza viunganishwe mtoto akishazaliwa, naye akiwepo, kwa vigingi alivyovichonga mwenyewe na kunikabidhi mimi. Mlalamikiwa alikuwepo agizo hilo likitolewa, na msibani aliahidi mbele ya watu kulitimiza. Nilimfuata mara nyingi kwa zaidi ya mwaka.

Mlalamikiwa ameunganisha kitanda bila kuniita na bila vigingi. Ameziba mashimo yote kumi na sita kwa gundi na vumbi la mbao, akapiga misumari. Amepiga misumari minne ya chuma kwenye ubao wa mwaloni, na ubao umeingia weusi. Amepaka vanishi ambayo hakuna aliyeiomba.

Mlalamikiwa alisema mbele ya mafundi wawili kwamba mashimo hayakukutana kwa sababu macho ya marehemu yalikuwa yamekwisha. Hiyo si kweli. Mashimo hayo yalitobolewa yasikutane, kwa unene wa ukucha, ili kigingi kivute. Mimi niliyakagua yote kumi na sita nikiwa na marehemu, na yote yalikuwa sawa.

Naomba kamati iamue yafuatayo.

Misumari itolewe mbele ya kamati, polepole, na fundi ambaye kamati itamchagua, asiwe mlalamikiwa.

Mashimo yafunguliwe. Baada ya kufunguliwa, mlalamikiwa achungulie shimo moja, lolote atakalochagua mwenyewe, ulimi ukiwa nje na ulimi ukiwa ndani. Halafu awaambie wale mafundi wawili alichokiona. Siombi aniambie mimi.

Vipande nikabidhiwe kama vilivyoachwa, yaani vikiwa havijaunganishwa. Sihitaji fundi wa kuviunganisha. Nitaviunganisha mwenyewe, na mtoto atakuwepo.

Sidai fidia.

Naambatanisha kigingi kimoja, cha akiba, ili kamati ikijaribu kwenye mbao nyingine. Naomba kihifadhiwe mahali pakavu. Kumi na saba vilivyobaki ninavyo mimi, nyumbani, juu ya sigiri.